Stefania na Toleo Jipya

Neno la kwanza Stefania alilolisema programu mpya ilipofunguka kwenye kompyuta yake lilikuwa, "Hii mbona mbea?" Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake na pini mdomoni, nikacheka nusura niimeze.

Mimi ni Justa, fundi cherehani. Chumba changu na chake vilikuwa ukuta mmoja, hapa Lindi mjini, karibu na stendi. Mwaka ulikuwa 2006. Nasimulia mimi kwa sababu wapo watu Mchinga ambao hadi leo wanaipindua habari hii, wanasema mwanamke wa Kimakonde alikwenda kumvunjia heshima Bwana Shamte nyumbani kwake, mbele ya wageni wake. Alimvunjia, ndiyo, na mimi nilikuwepo. Lakini wakianza kusimulia huwa wanaanzia katikati.

Stefania alizaliwa Newala, kwa Wakristo, na alichezwa unyago kwao kama binti yeyote wa kule. Aliteremka Lindi kwa ndoa. Mumewe alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Benjamini, na kamera ya kupigia picha za paspoti. Ndipo ikaja ile miaka ya ruksa, maduka yakajaa redio na mitumba, na kila aliyeuza korosho vizuri akarudi nyumbani na televisheni kichwani. Ghafla harusi isiyo na video ikawa si harusi. Stefania akauza cherehani yake (ndiyo hii ninayoshonea mpaka leo) na vitu vingine, akanunua kamera kubwa ya mkanda, ile ya kubeba begani. Wanaume wa stendi wakamcheka, mwanamke na kamera wapi na wapi. Akawajibu kwamba kamera inataka betri, haijali aliyeishika amevaa suruali au kanga. Alikuwa hivyo tangu zamani. Ukimwambia hawezi, umemfungulia duka.

Sasa, pwani hii kuna mahali mwanamume haingii hata akiwa waziri. Ni chumbani kwa mwali, siku ya ngoma ya ndani, siku chache kabla ya ndoa. Kama umechezwa, unajua kinachofanyika humo. Kama hukuchezwa, si mimi nitakayekuambia, na usinitazame hivyo. Wali wenyewe walikuwa wanatamani na wao wawe na ukumbusho wa siku ile, waufungie sandukuni, waje wautazame na mabinti zao mlango ukiwa umefungwa. Bi Maftaha wa Mchinga, ambaye ndiye somo mkubwa, kungwi wa makungwi, na hakuna ngoma inayopigwa bila neno lake, alikataa miaka miwili. Mwaka wa tatu akakubali, kwa sharti. Alimkalisha Stefania chini, akamwekea kiganja juu ya ngoma, akamwapisha mbele yetu kwamba picha ile haitaonwa na jicho la mwanamume, wala wimbo wake hautafika kwenye sikio la mwanamume.

Tangu siku hiyo, kutoka Mchinga hadi Kiranjeranje, mwanamke wa kuingia na kamera ndani kwa mwali alikuwa mmoja tu. Wapiga video walikuwa wengi. Mlango ule ulikuwa wake peke yake, na uliwekwa wazi na neno moja alilolisema akiwa ameshika ngoma. Neno hilo likivunjika, angebaki na picha za paspoti.

Kazi yenyewe aliifanya kwa utaratibu. Kila harusi ilikuwa na diski mbili, moja ya sebuleni, ya kutazamwa na kila mtu, na moja ya wanawake, aliyoifunga uzi mwekundu na kuikabidhi mkononi mwa mwali mwenyewe. Ndani ya kompyuta harusi yote ilipangwa kwa mistari, mmoja juu ya mwingine. Ngoma ya ndani aliiweka mstari wa juu kabisa. Pembeni mwa mstari kulikuwa na alama ya jicho. Ukilibonyeza, jicho linafumba na mstari wote unapotea, picha na sauti. Akitengeneza diski ya sebuleni, analifumba. Akitengeneza ya wanawake, analifumbua. Miaka minne alifanya hivyo na programu yake ya zamani bila kosa.

Aliyeileta programu mpya, tuseme ukweli, ni Bwana Shamte. Yeye ni mnunuzi wa korosho pale Mchinga, na alikuwa ametoka kumwoza Imani, mtoto wa marehemu mdogo wake. Alikuwa ametoka Dar, huko akaona video ya harusi ambayo majina yanaruka hewani na maua ya waridi yanafunguka mtu anapotabasamu. Akaja dukani kwa Stefania, akasema, "Mama Benja, ya kwangu nataka iwe hivyo."

"Waridi tunalima wapi Mchinga, Bwana Shamte?"

"Nataka waridi."

Programu ya zamani haikuwa na waridi, na zaidi ya hapo ilikuwa imechoka. Ukiipa harusi ya saa tatu inaganda, unazima, unawasha, unaanza upya. Kwa hiyo Stefania, ambaye alikuwa ameshaianza harusi ya Imani kwenye hiyo ya zamani, akamwagiza Lukas, fundi kompyuta, amletee toleo jipya kutoka Dar.

Lukas alikuja nalo Jumatatu. Akaingia, akavuta kiti akae mbele ya kompyuta.

"Unakwenda wapi?" Stefania akamuuliza.

"Kuiweka, mama."

"Humo ndani kuna kanda za wanawake."

"Mimi sitaangalia, mama, wallahi."

"Najua hutaangalia, kwa sababu hutaingia."

Akamtoa, akafunga mlango kwa komeo. Lukas akakaa kwenye benchi langu barazani, akawa anaelekeza kwa kupiga kelele kupitia dirishani, na Stefania anajibu kutoka ndani akisoma Kiingereza kile herufi baada ya herufi. Wateja wangu walisahau kilichowaleta.

"Inaniuliza kama nakubali!"

"Kubali, mama!"

"Nakubali nini?"

"Hakuna anayejua! Kubali tu!"

"Mimi sikubali kitu nisichokijua!"

Nusu saa walibishana hapo. Mwishowe akakubali, lakini alitutangazia sote kwamba amekubali kwa kulazimishwa na kwamba sisi ni mashahidi.

Programu ilipofunguka ndipo akaniita, ndipo akasema neno lile la umbea. Nilipotazama nikaelewa. Ile ya zamani ilikuwa inakuonyesha majina ya kanda tu, maandishi matupu, hata mwizi asingeambulia kitu. Hii mpya, kabla hujaiomba, inamwaga picha ndogondogo za kila kilichomo. Kioo kizima kilijaa wanawake wa pwani hii, na wengine hawakuwa wamevaa kwa ajili ya wageni. Katikati yao Bi Maftaha mwenyewe, mikono juu. Stefania akavua kanga ya begani akaitupa juu ya kioo kama mtu anayezima moto. Kuanzia siku hiyo kompyuta ile ikawa na kanga yake.

Lakini nisiwadanganye, aliipenda. Siku mbili za mwanzo alikuwa ananiita kila baada ya pindo moja. "Justa, njoo uone." Alinionyesha bibi harusi mmoja aliyepigwa na jua la mgongoni, uso haujulikani, akasogeza kitu kidogo chini ya kioo, uso ukatokea, na machozi yake. Alinionyesha khutba ya ndoa iliyokuwa imemezwa na upepo, akaondoa upepo, akabaki shehe. Harusi ya saa tatu ilipita bila kuganda hata mara moja. Akalijaribu na waridi, likafunguka mbele ya uso wa bwana harusi na kumziba pua. "Afadhali wangeweka korosho," akasema. Na kila asubuhi programu ilikuwa inamuuliza kama ameshajiandikisha. "Kwani hili ni daftari la wapiga kura?" Anabonyeza hapana, anaendelea na kazi.

Siku ya Jumatano akaifungua harusi ya Imani. Programu ikamuuliza kama anataka igeuzwe iendane na toleo jipya. Akasema ndiyo. Ikageuza, na kila kitu kikakaa mahali pake, mistari yote, nyimbo zote, akafurahi. Kitu kimoja tu hakikurudi kama alivyokiacha. Jicho la mstari wa juu, alilokuwa amelifumba, lilifumbuka. Hakuliona, kwa sababu toleo jipya lilikuwa limelihamishia upande mwingine na kulifanya dogo kuliko punje ya mtama.

Mtu ataniuliza, je, hakuikagua diski? Aliikagua. Siku zote alikuwa anaikagua diski yote kabla haijatoka dukani. Lakini ilikuwa Ijumaa, shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na wanaume watano walikuwa wamejaa pale mbele wakisubiri picha za paspoti. Akatazama maulidi, akafika mahali ambapo ngoma ya ndani inakaa, na mkono wake ukaruka. Ulikuwa umezoea kuruka. Wakiwapo wanaume dukani hakuwahi kukisimamisha kioo mahali pale hata kama jicho limefumba, kwa adabu tu, kwa kuogopa bahati mbaya. Akatua kwenye ndoa, akatazama hadi mwisho, akaridhika. Yaani uangalifu wake wenyewe ndio uliomponza, na hilo mimi huwa linaniuma kuliko mengine yote.

Jumapili tukapanda gari kwenda Mchinga, yeye na diski yake, mimi kwa kuwa ndimi niliyeshona magauni ya harusi ile. Bwana Shamte alikuwa ameita watu. Sebuleni walikaa wanaume, wazee mbele na vijana ukutani. Wanawake walikuwa uani wanapika, na Bi Maftaha kwenye mkeka wake anachambua mchele. Jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya choo. Stefania alipewa kiti karibu na televisheni na kikombe cha chai, kwa heshima ya fundi, na mimi nikasimama kwenye mlango wa uani.

Majina yakaruka hewani. Waridi likafunguka. Bwana Shamte akageuka kuwatazama wenzake mmoja mmoja, remoti mkononi. Maulidi yakapita. Halafu ngoma ikalia.

Yalikuwa mapigo matatu tu. Sisi tunaoyajua, tunayajua. Kwenye kioo ukatokea mlango uliotundikwa mkeka, na migongo ya wanawake wanaingia. Kikombe cha Stefania hakijafika sakafuni, yeye alishafika mbele ya televisheni na kanga imeshafunika kioo.

Picha ilifunikwa, lakini sauti inafunikwa na nini? Wimbo ulikuwa unakaribia kuanza, na maneno ya ule wimbo ndiyo yenyewe. Hapo nikasikia nyuma yangu Bi Maftaha anapiga kigelegele, mchele umemwagika. Kikaitikiwa. Uani pote wanawake wakapaza, wenye sufuria wakapiga sufuria, mwenye mwiko akapiga ndoo, mimi nikapiga mlango kwa ngumi mbili na kupayuka nisichokijua. Jenereta lenyewe halikusikika. Bwana Shamte akaongeza sauti kwa remoti. Na sisi tukaongeza.

"Ondoa kanga!" akapiga kelele.

"Siondoi!"

"Nyumba yangu, televisheni yangu, na video nimelipia mimi!"

"Vyote vyako, Bwana Shamte. Hicho si chako."

Stefania akapapasa deki, akabonyeza, diski ikatoka. Kelele za uani zikakatika zote kwa pamoja. Akaishika diski kwa mikono miwili mbele yao, akaikunja polepole hadi ikalia, ikawa vipande viwili.

Nawapa wazee wa Mchinga haki yao. Mzee aliyekaa mbele kabisa aliinuka, akatafuta makubadhi yake, akatoka akiwa ameinamisha uso. Akafuata wa pili, na wa tatu. Walijua walichokuwa karibu kuonyeshwa, na hawakukitaka. Bwana Shamte akabaki na vijana wake.

"Hutakanyaga tena Mchinga na kamera," akasema.

"Wa kunizuia wako uani," Stefania akajibu. "Si wewe."

Na huko uani ndiko kulikomtisha. Akavuka kizingiti. Akapiga magoti mbele ya Bi Maftaha.

"Shikamoo, somo."

Bi Maftaha hakuitika. Hiyo peke yake ilitosha kumfanya mtu atamani ardhi ipasuke. Imani, mwali mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mikono kifuani.

"Nani amefanya?" Bi Maftaha akauliza.

Angeweza kusema mashine. Ingekuwa kweli nusu, na hakuna hata mmoja wetu pale ambaye angejua kubisha. Nilikuwa namwomba moyoni aseme mashine.

"Mimi," akasema. Akaeleza yote, jicho, na mkono ulioruka, na wanaume watano wa paspoti.

"Basi rudi kwenye ile ya zamani."

"Sirudi, somo."

Nikafumba macho.

"Umesemaje?"

"Nipe adhabu yoyote, nitaibeba. Nifungie mlango, nitalia, nitaondoka. Lakini kurudi nyuma sirudi. Ile mashine haikushika ngoma, Bi Maftaha. Niliishika mimi. Nikiitupa leo, mtasema kosa lilikuwa lake, na mimi nitaanza kuamini hivyo, na siku moja nitakosea tena kwa kitu kingine."

Bi Maftaha akatazama mchele wake uliomwagika. "Okota," akasema.

Aliuokota wote, punje kwa punje, kwenye mchanga, hadi jua likageuka upande. Nilipoinama nimsaidie nikafukuzwa. Alipomaliza, Bi Maftaha akaupima kwa macho, akatoa hukumu. Kuanzia siku ile hakuna diski ya sebuleni itakayotoka dukani kwa Stefania kabla haijatazamwa mwanzo hadi mwisho na wanawake wawili waliochezwa, duka likiwa limefungwa, na wanaotaka picha za paspoti wasubiri kesho. Baada ya hapo ndipo akasema, "Marahaba."

Mmoja wa wale wanawake wawili ni mimi. Nimetazama harusi nyingi kuliko kadhi.

Imani alipewa diski yake yenye uzi mwekundu wiki ile ile. Bwana Shamte naye alitengenezewa nyingine ya sebuleni, tuliyoikagua hadi macho yakauma, na mawaridi yake yote. Hakuipokea. Akasema ataleta mtu wa kazi, mwanamume, kutoka Dar, na hatapangiwa tena na mwanamke kitu gani aone nyumbani kwake.

Akamleta kweli, mwezi wa tisa, kwenye harusi ya binti yake wa kumzaa. Jamaa alikuja na kamera mbili na taa ya kwenye mguu wa chuma, kijana mpole tu, hakuwa na kosa. Hatukukaa kikao. Naapa hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Siku ya ngoma ya ndani mlango ulifungwa kama kawaida, Stefania akiwa ndani na kamera yake, na humo tulipiga vigelegele hadi makoo yakauma. Siku ya ndoa tulivaa, tulipika, tulipanga foleni kwenda kumtuza bibi harusi, tulicheka na wageni. Ila kila taa ile ya Dar ilipotugeukia, tulifunga midomo. Bibi harusi akatolewa nje, kimya. Bwana harusi akaingia, kimya. Mama wa bibi harusi mwenyewe, mke wa Bwana Shamte, akapita mbele ya kamera na kanga mdomoni.

Video ilikuja baada ya wiki mbili, na nasikia ilikuwa nzuri, majina yanaruka, mawaridi yanafunguka hadi kwenye pilau. Nasikia pia Bwana Shamte aliitazama mara mbili, ya pili akaongeza sauti hadi mwisho, halafu akatuma mtu Lindi akamletee fundi, akidhani televisheni ndiyo imeharibika.